Mbwa wetu amerudi kutoka bwenini amekonda na sauti imekauka: je, alipigwa?

SWALI: Tulisafiri siku 10 tukamwacha mbwa wetu, Tausi, kwenye bweni la mbwa linaloendeshwa na familia moja: baba, mama na binti yao. Tausi ni jike wa miaka mitano na hajawahi kulala nje ya nyumba. Tulipomfuata alikuwa amepungua kutoka kilo 28 hadi 26, sauti imekauka, akibweka inatoka pumzi tupu, na juu ya pua ana mchubuko mwekundu. Leo ni siku ya pili tangu tumrudishe, analala tu. Akiamka anakunywa maji mengi na kurudi kulala. Wenye bweni ni watu wapole na mabanda yao ni masafi. Walichotuambia ni kwamba "alikumbuka nyumbani", basi. Mke wangu anaamini alipigwa au alinyimwa chakula, na hataki hata kusikia mahali pale pakitajwa. Mimi sijui nishike lipi. Huwa kunatokea nini huko ndani sisi tukishaondoka?

JIBU: Kaka yangu, poleni, na wifi umpe pole yangu kipekee, maana mnyama hawezi kusimulia yaliyomkuta na hapo ndipo roho ya mtu inapoumia.

Nianze na lile unalolingoja. Kwa uliyoyaandika, sioni dalili ya kipigo wala ya kunyimwa chakula. Namwona mbwa aliyelala ugenini kwa mara ya kwanza, tena siku 10 mfululizo. Lakini wifi hajakosea kushtuka. Kuna kosa hapo, na limejificha ndani ya yale maneno mawili mliyoambiwa langoni. Nitalifikia.

Mimi nimekulia bwenini. Wazazi wangu walianza kulaza mbwa wa watu kabla sijaanza shule, na leo kazi hiyo naifanya mimi na mume wangu, mama akitusimamia kutoka kwenye kiti chake. Hatupokei zaidi ya mbwa 24 kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nikikueleza siku yetu inavyokwenda, utaweza mwenyewe kuuweka mchubuko wa Tausi, kilo zake mbili na sauti yake mahali pake.

Siku huanza saa kumi na moja alfajiri, na huanza kwa kusimama tu. Mwenye zamu anasimama nje ya mlango wa mabanda, taa bado zimezimwa, anasikiliza. Mbwa wameshajua kuwa yupo, walisikia nyayo zake tangu anatoka chumbani, ila kuna kama dakika moja ya ukimya kabla kelele hazijalipuka. Dakika hiyo ni mali. Ndipo unapomsikia anayekohoa, anayehema haraka kuliko wenzake, anayejikuna mpaka mguu unagonga ukuta. Ukishawasha taa, hutasikia tena kitu cha maana mpaka saa tatu.

Halafu tunasoma barua. Baba ndiye aliyekipa kinyesi, matapishi na mikojo ya usiku jina hilo: barua za usiku. Mgeni wa kazi hii akiingia asubuhi hukimbilia mpira wa maji, anaosha kila kitu, banda linameta, na barua imekwenda na maji. Sisi tunapita kwanza na tochi na daftari. Banda la tatu, kinyesi laini chenye kamasi: utumbo mpana umeshtuka, jambo la kawaida siku ya pili au ya tatu ya ugeni. Banda la saba, tandiko limelowa: ni mzee wa miaka 13, kibofu hakishiki tena, huyu atoke wa mwisho usiku na wa kwanza asubuhi. Banda la tisa hakuna kitu kabisa sakafuni, na bakuli la jana limejaa vilevile. Huyo wa tisa anaandikwa kwa kalamu nyekundu, ingawa banda lake ndilo safi kuliko yote.

Ndiyo maana nilipokusikia ukisema mabanda ya wale watu ni masafi, nilifurahi nusu. Banda safi linanionyesha kuwa mtu ameosha, halinionyeshi kama alitazama kabla ya kuosha.

Hata hivyo usafi wenyewe nisiudharau, unakula saa mbili za kila asubuhi na nusu ya viungo vya mgongo wangu. Mbwa wanatolewa uani kwa mafungu, kila fungu la wanaoelewana, na kola zinavuliwa, kwa sababu mbwa wawili wakicheza jino la mmoja linaweza kunasa kwenye kola ya mwenzake, na wakianza kujizungusha kwa hofu mmoja ananyongwa mbele ya macho yako. Wakiwa nje, kinyesi kinazolewa kwa koleo, sakafu inasuguliwa kwa sabuni, inasuuzwa, ndipo inapigwa dawa. Utaratibu huo haurukwi. Tunachokiogopa zaidi ni kirusi cha parvo, kile kinachowaharisha mbwa damu na kuweza kuwaua, ambacho kilitambuliwa mwaka 1978 na kikaenea karibu dunia nzima katika muda mfupi. Kinaweza kudumu mahali kwa miezi mingi, hata kupita mwaka, na sabuni peke yake haikiui. Klorini ya kufulia nguo nyeupe inakiua, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, ikikaa sakafuni dakika 10. Lakini ukiimwaga juu ya uchafu, nguvu yake inaishia kwenye uchafu huo na kirusi kinabaki salama chini yake. Kuzoa kila siku nako kuna sababu yake: mayai ya minyoo mikubwa ya mbwa yanahitaji kama wiki mbili au zaidi nje ya mwili ndipo yaweze kumwambukiza mwingine. Ukizoa leo, umeyawahi.

Kupe ni kesi ya peke yake. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya bweni: ananyonya, anajiangusha, anapanda ukutani na kujificha kwenye nyufa, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Mwaka mmoja tulimpokea mbwa mmoja bila kumkagua masikioni kwa kuwa ilikuwa usiku na mwenyewe ana haraka ya ndege. Tuliziba nyufa miezi minne.

Sasa chakula, maana hapo ndipo shauri la Tausi linapoanzia.

Saa moja asubuhi ndoo inagonga sakafu ya stoo, na mabanda yote yanapiga kelele kwa pamoja. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliona mbwa wa maabara yake wakidondosha mate kabla chakula hakijafika. Angekuja kwetu, ndoo moja ingemtosha. Kila mbwa anakula bandani kwake, mlango umefungwa, chakula alichokuja nacho kutoka kwao. Dakika 15 baadaye tunapita na kuandika: amemaliza, nusu, robo, hajagusa.

Hao wa "hajagusa" siku ya kwanza huwa wengi kuliko watu wanavyofikiri. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kususa chakula siku nzima, hata mbili, kwa sababu tu harufu zote zimebadilika na watu wake hawaonekani. Wapo wanaokula ukigeuza mgongo. Wapo wanaokula ukikaa sakafuni karibu nao ukisoma gazeti. Binti yangu alimlisha mbwa mmoja mwoga siku nne kwa kumtupia punje moja moja kana kwamba zinamdondoka kwa bahati mbaya.

Na wapo wanaokizika. Hili litazame kwa makini, kwa sababu linagusa pua ya Tausi. Mbwa asiyekuwa na hamu, lakini hataki mwingine achukue chakula chake, hufanya kama anakifukia: anasukuma bakuli kwa pua, anaburura pua sakafuni kutoka pembeni kuja katikati, kana kwamba anachota mchanga. Porini mchanga upo. Kwenye sakafu ya saruji hakuna, kwa hiyo kinachochotwa ni ngozi ya pua yake mwenyewe. Nimeona mchubuko huo mara nyingi kiasi kwamba nikiukuta asubuhi najua hata kabla ya kuangalia bakuli. Hukaa pale juu, ngozi nyeusi isiyo na nywele inapokutana na manyoya. Mchubuko wa kubishana na wavu wa mlango nao unaweza kutokea hapo, ila mara nyingi huambatana na alama za ubavuni mwa mdomo na fizi, maana mbwa wa hivyo hung'ata pia. Mfunue mdomo Tausi, umtazame fizi na meno ya mbele. Kama ni mazima na mchubuko uko juu tu, mimi ningesema alikuwa anazika chakula. Na mwambie wifi hivi: ili mbwa azike chakula, lazima awe amepewa.

Kilo mbili kwa mbwa wa kilo 28 ni kama asilimia 7. Siyo kidogo, lakini ndiyo hesabu ninayoitarajia kwa mbwa aliyesusa siku mbili tatu, akala nusu nusu siku zilizobaki, na kutwa nzima akawa anatembea kutoka kona hii hadi ile. Sehemu ya uzito huo ni tumbo tupu na maji aliyopoteza kwa kuhema, na hiyo itarudi ndani ya siku chache. Angepungua zaidi ya asilimia 10 ningekwambia usisome zaidi, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza.

Sauti nayo haina siri. Mbwa wetu wanabweka saa ya ndoo, gari likiingia, mgeni akipita, na usiku mmoja wao akisikia kitu ambacho wewe na mimi hatukisikii. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika 45,000 na zaidi. Mmoja akianza saa nane usiku, 23 wanamwitikia. Ndani ya jengo la mabanda kelele zinaweza kuvuka desibeli 100, na kazini kwa kawaida mtu hutakiwa kuanza kukinga masikio kwenye 85. Sisi sasa tunavaa vikinga masikio. Mama hakuvaa miaka 30, na leo televisheni yake inasikika mpaka barabarani. Mbwa anayebweka siku 10 bila mazoea anakauka koo kama mshangiliaji wa mpira. Kukauka kwa namna hiyo huisha chenyewe, siku nne, tano, wiki.

Katikati ya siku, kuanzia saa saba hadi saa tisa, tunafunga. Hakuna anayeingia mabandani, hakuna anayeleta wala kuchukua mbwa. Muziki wa taratibu unapigwa kwa sauti ya chini. Utafiti mmoja uliofanywa na watu wa Belfast kwenye makazi ya mbwa na kuchapishwa mwaka 2002 uliona kuwa muziki wa kiklasiki uliwafanya mbwa wapumzike zaidi, na ule wa magitaa ya kelele uitwao heavy metal uliwafanya wabweke zaidi. Sisi tulikuwa tumeshajua hilo kutokana na redio ya kaka yangu. Huo ndio muda wetu wa kula, kwa zamu, wa kujibu simu, na wa kugombana kifamilia kuhusu nani alisahau kuagiza nini. Mbwa wanahitaji saa hizo mbili kuliko sisi. Nyumbani mbwa mzima hulala nusu ya siku au zaidi. Bwenini analala vipande vipande, sikio moja wazi. Mabweni mengine hayafungi mchana, wageni wanaingia kutwa, na mbwa wa hayo huenda nyumbani wakiwa na deni la usingizi. Huko kulala kwa siku mbili kwa Tausi ni kulipa deni. Kesho au keshokutwa anatakiwa aanze kukufuata jikoni.

Jioni yote hurudiwa: nje, barua, chakula, dawa. Dawa ni kazi inayonikosesha usingizi mimi. Mbwa wa kifafa anayepewa fenobabito kila baada ya saa 12 anapewa kila baada ya saa 12, harusi iwepo isiwepo. Harusi ya dada yangu baba aliondoka kabla ya keki akarudi baada ya keki, suti imejaa manyoya. Siku za mapumziko za watu wote ndizo siku tunazojaza mabanda, kwa hiyo familia ya bweni haijui kusafiri pamoja. Nakuambia hili si kwa kulalamika. Bweni la familia lina uzuri wake, yaani uso uleule kila asubuhi, na mbwa anaishi kwa hilo. Udhaifu wake ni uchovu, maana hakuna wa kukupokea zamu, na mtu aliyechoka huanza kufupisha maneno.

Sasa nimefika kwenye yale maneno mawili, "alikumbuka nyumbani".

Nilipokuwa na miaka 19 niliachiwa bweni mchana mmoja. Tulikuwa na dume la Great Dane, ile aina ya mbwa wakubwa sana, mtu mzima, mpole kama kondoo, siku yake ya tatu kwetu. Saa saba na dakika 20 nilimkuta anatembea bandani, analala, anainuka, anatazama ubavu wake. Anajikakamua kutapika, hakitoki kitu, mate mazito tu. Nikaandika kwenye daftari: "Amekumbuka nyumbani." Nikampa neno zuri mlangoni, nikaenda kula. Baba alirudi saa nane kamili, akapita, akasimama, akaingia ndani na kumgonga tumbo kwa vidole viwili. Lililia kama ngoma. Tumbo la mbwa wa kifua kirefu linaweza kujaa hewa na kujipinda, damu ikakatika, na kuanzia hapo unahesabu saa, wakati mwingine chini ya hapo, na dawa yake ni kisu cha daktari. Tulimbeba wawili. Alifika akiwa hai, akafia mezani.

Baba alimpigia mwenye mbwa yeye mwenyewe, akamwambia kila kitu pamoja na zile dakika 40. Kisha alinipa daftari na kalamu, akaniambia niyakate yale maneno na niandike nilichokiona. Nikaandika: anatembea, anatazama ubavu, anajikakamua bila kutapika. Nilipomaliza kuandika nilijisomea ugonjwa wote kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo kwetu hakuna ruhusa ya kuandika "amekumbuka nyumbani". Huzuni ya mbwa ipo, naiona kila wiki, lakini maneno hayo yanafunga jicho. Mbwa mwenye kidonda cha jino amekumbuka nyumbani. Mwenye homa amekumbuka nyumbani. Asiyekula siku ya nne amekumbuka nyumbani.

Hapo ndipo wenye bweni lenu walipokosea, kaka. Kwetu, mbwa asipogusa chakula siku mbili, mwenyewe anapigiwa simu siku hiyohiyo, hata kama yuko upande wa pili wa dunia na kuna usiku. Tunamuuliza nyumbani anakula wapi, nani humpa, bakuli la bati au la plastiki. Mara nyingi jibu ni kitu kidogo cha kuchekesha. Kulikuwa na mbwa aliyekula tu akisikia "karibu" kwanza. Nyie hamkupigiwa. Mlikabidhiwa mbwa aliyepungua kilo mbili, bila karatasi, kwa maneno mawili. Mkiwa wakali nao kwenye hilo, mna haki.

Kuhusu kipigo, kwa mbali siwezi kuapa, ila kuna namna ya kumuuliza mwenyewe. Acha wiki ipite, apate nguvu. Nyumbani, shika fagio, inua mkono kuchukua kitu juu ya kabati, umtazame. Mbwa aliyepigwa hujikunja kwa mkono au kwa kifaa: anashusha kichwa, masikio yanalala, wengine wanajikojolea. Kisha mpeleke mpaka nje ya lango la bweni akiwa na kamba, mwombe mmoja wao atoke aje barabarani. Kusita mbele ya lango usikuhesabu, mbwa wengi hulisusia lango kwa sababu ndipo walipoachwa. Hesabu anavyompokea mtu. Akimwendea binti yao mwili umelegea, mkia unayumba pamoja na kiuno, wifi aone kwa macho yake. Akimkwepa mmoja wao tu na kuwakubali wengine, hilo nalo ni jibu, na nisingempeleka tena.

Ukiwa pale, omba daftari. Usiulize "mlimpiga?" kwa sababu hakuna atakayejibu ndiyo, na mazungumzo yatafia hapo. Uliza: siku ya kwanza kula ilikuwa lini? Alikula kiasi gani? Kinyesi kilikuwaje? Alikuwa na nani uani? Na mara nyingi anayekupokea langoni siye anayejua. Kwenye mabweni ya familia baba hupokea pesa, mama hupokea simu, na mtoto ndiye anayemjua mbwa. Muulize binti. Akikuambia bila kufikiri kwamba Tausi alikuwa anapenda ile kona yenye jua na alianza kula siku ya nne alipochanganyiwa maji ya moto, basi alikuwa na mtu. Akiangaliana na mama yake, alikuwa na sakafu safi.

Kwa upande wa afya, kitu kimoja cha kuchunga kuanzia leo mpaka wiki mbili zitimie ni kikohozi. Ule ugonjwa wa kikohozi unaoenea mbwa wanapokaa pamoja hujitokeza kati ya siku mbili na 14 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo mbwa anaweza kutoka bwenini mzima na kuanza kukohoa akiwa kwenu. Hufanana na mtu aliyekwamwa na mwiba kooni: kikavu, cha ghafla, mara nyingine kinamalizika kwa kutema povu jeupe. Ukikisikia, asikutane na mbwa wengine, umfunge kamba za kifuani badala ya kola ili koo lisibanwe, na umjulishe daktari kwa simu kabla ya kumpeleka, asije akawaambukiza waliokaa kwenye foleni. Akiwa na homa (joto la mbwa mwenye afya huwa kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi), akakataa chakula, akatoa makamasi mazito au akahema kwa shida, ni siku hiyohiyo.

Maji mengi ni kawaida siku mbili za kwanza. Mpe kidogo kidogo, bakuli lijazwe mara nyingi, asije akagugumia yote na kuyatapika. Yakiendelea wiki nzima, chukua mkojo wake wa asubuhi kwenye chupa safi umpelekee daktari. Chakula chake kiwe kilekile cha siku zote, kiasi kilekile, ila ukigawe mara tatu au nne kwa siku badala ya mbili. Msimjazie kwa huruma; utumbo uliolala njaa ukijazwa ghafla unaharisha, halafu mtasema bweni lilimpa sumu. Puani usipake kitu, ataking'oa kwa ulimi ndani ya dakika moja.

Kama mtasafiri tena, siku 10 isiwe mara ya kwanza wala ya pili. Mlete asubuhi mmchukue jioni. Wiki nyingine alale usiku mmoja. Mbwa hajifunzi kuwa mtarudi kwa kuambiwa, anajifunza kwa kuona mmerudi. Mpeni fulana aliyoivaa wifi bila kuifua. Chanjo isichomwe siku ya kumleta, kinga haijengeki ndani ya gari. Iwe wiki mbili au zaidi kabla. Na mkifika langoni, agana naye kifupi. Wenye mbwa wanaorudi mara tatu kumbusu wanatuachia kazi ya saa tano.

Kabla hujapiga simu kudai maelezo, mpime uzito asubuhi hii na uandike, maana utauhitaji wiki ijayo kulinganisha. Na upige saa nane mchana. Asubuhi wako kwenye koleo, jioni wako kwenye ndoo. Saa nane mbwa wamelala, na mtu atakayepokea atakuwa amekaa chini.